Mpira wa Watu wa Ndani

Juzi niliingia duka la viatu pale Kitale kumtafutia binti yangu raba za michezo. Muuzaji alifungua boksi, akaitoa ile karatasi laini, na kabla sijaona hata rangi ya kiatu, harufu ikanipata. Raba mpya. Nikakichukua kiatu nikakiweka puani, nikafumba macho, muuzaji ananitazama, binti yangu anatafuta pa kujificha. "Mum, kwani unanusa?" Nikamwambia aniache ninuse, hela ni zangu. Harufu hiyo haijawahi kunijia peke yake. Huja na vumbi la mahindi makavu, na joto la saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa, na sauti ya mwanamume akinipigia kelele: "Usipige, wewe! Kanyaga! Kanyaga mpira!"

Sauti hiyo ni ya khocha Simiyu. Nyinyi mliokulia upande wetu mnalijua hilo neno, lakini kwa wengine nieleze. Mama yangu ni Mbukusu wa Misikhu, na kwa Wabukusu ndugu ya mama huitwa khocha. Baba ni Mkikuyu, wazazi wake walifika Trans-Nzoia wakitafuta shamba, na kwake neno hilo lilikuwa geni kabisa. Sasa sisi watoto tukafundishwa kumwita Simiyu khocha, na Simiyu mwenyewe kila jioni anatufundisha mpira. Mtoto atafikiria nini? Nilijua yeye ni kocha, basi. Niliamini kila mtoto duniani amepewa na Mungu baba, mama na kocha. Nilimhurumia sana rafiki yangu mmoja ambaye mama yake hakuwa na ndugu wa kiume. Nilikuwa nikilala nikiwaza, huyu maskini atafundishwa mpira na nani?

Tulikaa kwenye ploti nyuma ya kisiagi cha unga. Baba alinunua mahindi kwa wakulima, akayaanika kwenye uwanja wa saruji uliokuwa hapo katikati ya nyumba, akayauza yakikauka. Khocha alikuwa mkono wake wa kulia, ndiye wa kubeba magunia, kugeuza mahindi kwa reki na kufukuza kuku. Jua likianza kulala, mahindi yanakusanywa, uwanja unafagiwa, halafu tunaingia sisi. Mpira wetu ulikuwa wa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Goli lilikuwa gunia tupu lililoning'inizwa ukutani. Wengine walicheza miguu mitupu, lakini mimi khocha alikuwa ameninunulia raba. Alisema mchezaji wake mmoja lazima aonekane kama mchezaji.

Alikuwa na mtindo wake. Watoto wa mtaa wa juu walicheza kwenye nyasi, wanabutua mpira unaenda mpaka kwa mahindi ya watu. Yeye hakutaka kubutua. "Kwa saruji," alikuwa akisema, "mpira ni kama kuku. Ukiufukuza utakimbia. Wewe ukanyage shingo, pole pole, halafu uamue." Akauweka mpira chini ya unyayo, akauvuta nyuma, akauzungusha, na sisi sote tukaruka tukipiga hewa. Baba alikuwa akipita na kitabu chake cha hesabu kwapani anasema, "Mpira gani huu wa kukanyaga, bana? Mpira ni wa kupigwa!" Khocha anacheka tu. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha tumboni, kilichokuwa kikimwamsha mtoto wetu mdogo, na Mama anatoka nje na mwiko mkononi kuwatisha wote wawili.

Siku moja khocha alikwenda Webuye kucheza na vijana wa huko. Kukatokea maneno uwanjani. Mtu akamtukania mama yake, naye akamsukuma yule mtu kwa mikono miwili. Jamaa akaanguka vibaya kwenye ukingo wa mtaro, akavunjika nyonga. Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna aliyesema vingine, hata yeye mwenyewe. Hakimu alipomuuliza, alijibu kwamba ni kweli, ni yeye. Akafungwa, akapelekwa jela ya Bungoma.

Nyumbani kwetu neno jela halikutajwa. Nani alikuwa akilitaja? Upande wetu polisi hawakufungi, wanakuweka ndani. Mtu hana ndugu aliyefungwa, ana mtu ndani. Mama alisema, "Simiyu yuko ndani." Majirani wakaulizana chinichini, "Ati yule wa magunia ako ndani?" Na shuleni mvulana mmoja mwenye meno ya mbele makubwa akanizungukia mbele ya kila mtu akiimba, "Anko yako ako ndani! Anko yako ako ndani!" Nilimrukia nikamng'ata begani. Mwalimu alinichapa, na sikulia, na siku iliyofuata nilimtafuta nikamng'ata tena. Sikuwa mtoto mpole, na sijawa mtu mzima mpole vilevile.

Lakini jambo lililokuwa likituumiza kuliko hata kufungwa kwenyewe ni Kukhu. Huyu ndiye nyanya yetu wa Misikhu, mama yake Mama, na Simiyu alikuwa kitinda mimba wake. Kila siku ya kutembelea wafungwa Kukhu alifunga kitambaa kichwani, akabeba chakula, akaenda Bungoma. Na kila mara askari alitoka na jibu lile lile: Simiyu amekataa kutoka. Hataki mama yake amwone na zile nguo za milia. Basi. Kukhu anasimama hapo hadi wenzake wote waitwe na waage, kisha anarudi na chakula chake. Haruhusiwi kuingia, na kijana wake hatoki. Mwanamke aliyezaa na kuzika, akapalilia shamba peke yake, akalea watoto bila mume, sasa akaanza kuisha. Alikuwa akikaa mbele ya sahani ya ugali anakandakanda tonge moja mpaka linapoa. "Hakiteremki," anasema. "Chakula hakiteremki, mwana wangu."

Jioni moja nilikuwa nachambua maharagwe jikoni, nikamsikia Mama akimwambia Baba kwa sauti ya chini, "Mama atakufa kabla Simiyu atoke. Atakufa hajamwona. Na Simiyu akisikia hivyo huko ndani, unafikiri atatoka akiwa mtu?" Baba alishika kikombe chake cha chai akakizungusha. Mimi nikaendelea kuchambua maharagwe, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Khocha lazima atoke aonane na Kukhu. Nani atamtoa? Mimi. Kwa njia gani? Hiyo sikuijua bado, lakini kama ni kung'ata mtu, meno nilikuwa nayo.

Njia yenyewe ilitoka kwenye redio ya Baba. Ilikuwa likizo ya Krismasi imefika, tumekaa sebuleni, na Baba anangoja habari za michezo. Mtangazaji akasema kwamba mashindano ya dunia ya mpira wa ndani, kwa timu za taifa za wanaume, yanaendelea huko mashariki ya mbali. Niliacha kutafuna.

"Baba, mpira wa ndani ni gani?"

"Ni ule wa watano watano." Alikuwa akihangaika na kile kitufe cha kutafutia stesheni, hakunitazama.

"Kwa nini watano?"

"Mahali pao ni padogo. Watajaa wangapi?"

"Na hawachezi nje?"

"Aii, wewe! Si nimesema ni wa ndani? Hao hawatoki nje."

"Na ni wanaume peke yao?"

"Hii ni ya wanaume. Labda wanawake wako na yao."

Nilijua hilo. Wanawake hufungwa jela yao tofauti.

"Kenya iko?"

"Haiko. Kutoka Afrika nimesikia ni Misri. Sasa nyamaza nisikie mambo ya ligi."

Nilinyamaza, lakini kichwani kulikuwa na kelele. Kumbe! Kumbe watu wa ndani wana Kombe la Dunia lao! Kila kitu kilijipanga chenyewe. Wanacheza watano watano kwa sababu ukiwatoa wengi watatoroka. Mahali pao ni padogo kwa sababu ya ukuta. Wanachezea sakafuni, kwenye saruji, kwa sababu jela nyasi za nini? Na ni nani katika Kenya nzima aliyejua kucheza kwenye saruji kumshinda khocha Simiyu? Hakuna. Basi kama Kenya haiko, si kwa sababu haina mchezaji. Ni kwa sababu huko Bungoma hakuna mtu aliyewaambia askari wamemfungia nani.

Msinicheke mapema. Ukweli niliupata nikiwa sekondari, mwalimu wa michezo alipotuandikia ubaoni kwamba mpira wa ndani ni mpira unaochezwa ndani ya ukumbi, na timu zake za taifa ni za watu huru wanaolala makwao. Nilicheka darasani peke yangu hadi mwalimu akanitoa nje. Lakini wakati ule, kwa akili niliyokuwa nayo, nilikuwa na ushahidi kuliko hata hakimu.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa Misri. Nilijiuliza, kwa nini Misri? Jumapili iliyofuata kule sande skuli mwalimu akatusomea habari za Yusufu, na jibu likaja lenyewe. Misri wamekuwa na watu ndani tangu Yusufu! Lazima wangekuwa na timu nzuri. Halafu mwalimu akafika pale ambapo Yusufu anamtafsiria ndoto yule mnyweshaji wa Farao, anamwomba akitoka amkumbuke, na yule mtu akitoka anasahau. Ala! Nilikasirika hadi nikasimama. Mtu anakusaidia mkiwa ndani pamoja, wewe unaachiliwa, unakaa huko unammiminia Farao divai, na mwenzako umemsahau? Mwalimu akasema, "Kaa chini, mama, hiyo mambo ilitokea kitambo." Nilikaa chini, lakini nilikuwa nimejua kazi yangu. Kazi yangu ni kwenda kumtaja khocha kwa wakubwa.

Ushahidi wa pili uliletwa na nyama. Mama alitoka buchani na kipande cha mbavu kilichofungwa kwenye gazeti. Alipokifungua, nikaona picha ya mchezaji, isiyo ya rangi, imelowa damu pembeni. Alikuwa ameweka unyayo juu ya mpira. Unyayo! Vilevile kama khocha! Na shati lake lilikuwa na milia mirefu, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kutoka shingoni hadi kiunoni. Nilisoma maandishi ya chini kwa shida, Mama akinisukuma apate kukata nyama: Ajentina, mpira wa ndani. Sikuhitaji kitu kingine. Hao hata kwenye Kombe la Dunia wamekwenda na nguo zao za jela.

Tulikwenda Misikhu kwa Krismasi, mimi na Mama, kukaa karibu na Kukhu. Nilimkuta amekonda, kitambaa cha kichwa kimekuwa kikubwa kuliko uso. Siku ya kutembelea wafungwa ilipofika, Mama akasema mimi nitabaki na watoto wa jirani, jela si mahali pa mtoto. Nikakataa. Akanitisha na kiboko. Nikashika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili, nikasema achape akimaliza twende. Alikuwa ameshainua mkono Kukhu alipozungumza kutoka kitini. Kukhu mara nyingi alikuwa akiigeuza ere kuwa ele bila kujali, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

"Mwache akuje. Kwani anaenda kuiba mtu?"

"Mama, atatusumbua huko."

"Mimi nimeenda bila kusumbua na nimepata nini? Mwache akuje na sisi. Labda Simiyu atasikia huluma ya mtoto."

Basi tukaenda. Nilivaa raba zangu, na njia nzima niliyarudia maneno yangu kimoyomoyo kama mtu anayekariri mstari wa Biblia wa kusema mbele ya kanisa.

Langoni kulikuwa na askari jela nyuma ya meza, mtu mnene, kofia ameiweka magotini. Mama alitaja jina. Askari alitikisa kichwa kabla hata hajamaliza. "Mama, si unajua tu? Tumemwita asubuhi. Anasema hapana." Alikuwa hata na huruma kidogo, hiyo sitamnyima. Mama akamshika Kukhu mkono. Kukhu alienda akasimama pale pale anaposimama siku zote, karibu na ua wa waya, akaweka kikapu chake miguuni.

Mimi nikaenda mbele ya meza. Kidevu changu kilikuwa kimeifikia kwa shida.

"Afande, nimekuja kumwona khocha wangu."

"Kocha?" Akanitazama juu ya ile meza. "Hapa hatuna kocha, mtoto. Hapa tuko na wezi na walevi."

"Simiyu wa Misikhu. Ule wa kukanyaga mpira."

"Ah, huyo. Huyo amekataa kutoka."

"Muulizeni kama amesikia habari ya Kombe la Dunia la watu wa ndani."

Kalamu ilisimama. "La nani?"

"La watu wa ndani. Redio imesema. Kila nchi imepeleka wafungwa wake, watano watano. Ajentina wamepeleka. Misri wamepeleka. Kenya hamjapeleka."

Nilisema hamjapeleka nikimkazia macho, kwa sababu kwangu ni yeye aliyekosea. Mdomo ulimcheza upande mmoja, akaukaza, ukamcheza upande wa pili. Kisha akageuka akaita, "Barasa! Barasa, hebu kuja hapa! Tumeulizwa mbona hatujapeleka timu!"

Barasa akaja, mwembamba, mrefu, akaelezwa, na wakacheka wote wawili hadi huyu mnene akashika meza. Mama alikuja mbio akanivuta sikio, anawaomba msamaha. Machozi yalikuwa yamenijaa, lakini niliyakataza yasitoke, na yakanisikia.

"Mnacheka nini?" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Misri wana watu ndani tangu Yusufu, ndiyo maana wanajua kuwachagua! Nyinyi mmefunga mtu anajua mpira kushinda wote, na hata hamjui mmefunga nani! Na Kukhu hakuli! Hakuli kabisa! Chakula hakiteremki kwa sababu hamumtoi!"

Hapo kicheko kilikatika. Yule mnene alitazama upande wa Kukhu, akatazama kikapu, akanitazama mimi. Akavaa kofia yake. "Mambo ya timu ya taifa si ya kuchezea," akamwambia Barasa. "Hii lazima aambiwe yeye mwenyewe." Akaingia ndani, funguo zikilia kiunoni.

Tulingoja. Mama alininong'oneza kwamba nimemwaibisha mbele ya watu na tukifika nyumbani nitaona cha mtema kuni. Kisha kutoka ndani, mbali, tukasikia mtu akicheka. Halafu wengine. Kicheko kilipita kutoka chumba hadi chumba, wanaume wengi, wengine wanapiga bati, mmoja anapaza sauti, "Simiyu, umeitwa timu ya taifa, bana! Toka tukuone!"

"Mwache mtoto," Kukhu alimwambia Mama. "Tangu nianze kukuja hapa sijasikia mtu anacheka."

Na katikati ya vicheko vile nikakisikia kimoja, kikubwa, cha tumboni. Kukhu pia alikisikia. Aliushika ule waya kwa vidole vyote.

Mlango ukafunguka, khocha akatoka. Sikuwa nimejua mtu anaweza kupungua hivyo. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, miguu imekauka, na lile shati la milia lilimning'inia. Alikuwa bado na mabaki ya kicheko usoni, lakini alipomwona mama yake nyuma ya waya, kicheko kikamwisha. Akainamisha kichwa. Akaweka mikono miwili mbele ya shati, hivi, anajaribu kulifunika. Nikaona miguu yake inageuka kurudi.

"Khocha!" nikapiga kelele. "Kumbe umeshapewa jezi!"

Akasimama.

"Ndiyo hiyo! Ni kama ya Ajentina! Nimeiona kwa gazeti, ni hiyo hiyo, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Usiifunike. Kukhu anataka kuiona!"

Hakuna aliyecheka sasa, hata Barasa. Khocha aliniangalia muda mrefu. Sijui alielewa lini nilichokuwa ninafikiri. Mtu mzima angenisahihisha, angesema, mwana, hapana, hivi sivyo. Yeye aliiondoa mikono yake mbele ya shati, mmoja kwanza, halafu wa pili, akaiacha ining'inie. Akaja hadi kwenye waya. Kukhu akamtazama kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu, akapitisha kidole kwenye tundu la waya akamgusa pale kifuani, kwenye mlia mweusi.

"Umekonda," alisema.

"Hata wewe, mayi."

Mama alikuwa analia waziwazi, kitambaa mdomoni. Khocha akachuchumaa ili awe sawa na mimi, uso wake karibu na waya. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ya uwanjani.

"Sasa niambie. Huo mpira wanacheza wangapi?"

"Watano. Na kipa akiwa ndani ya hao watano."

"Wanachezea wapi?"

"Kwa saruji. Pale penu si kuko na saruji?"

"Iko. Katikati ya vyumba."

"Basi fanyeni mazoezi hapo. Uwafundishe kukanyaga. Wasibutue, wataupoteza juu ya ukuta."

Akatikisa kichwa kwa makini, kama mimi ndiye kocha na yeye ndiye wa raba. "Na wenye kushinda hilo kombe, wanapewa nini?"

Hilo sikuwa nimelisikia kwenye redio. Lakini sikuhitaji redio. Ni nini kingine kinachoweza kutolewa kwa mtu wa ndani?

"Wanatoka," nikasema. "Wanaenda nyumbani kwa mama zao."

Yule askari mnene aligeuka akatazama barabarani. Khocha akaushika waya.

"Na wakishindwa?"

Alikuwa anauliza kweli. Niliona machoni mwake, hakuwa anamchezea mtoto. Nikamjibu kwa hasira kidogo, kwa sababu jibu lilikuwa wazi, na ni yeye aliyenifundisha.

"Wakishindwa wanarudi ndani wanafanya mazoezi. Kwani kuna ingine?"

Aliweka paji la uso wake kwenye waya. Mabega yalitikisika, na mara hii sikujua ni kicheko au ni kilio, nadhani hata yeye hakujua. Barasa alimgusa mgongoni akamwambia taratibu kwamba muda umeisha. Khocha akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa lile shati la milia, akamgeukia mama yake akimtazama usoni.

"Mayi, ukuje tena mwezi ujao. Nitatoka."

Akaingia ndani bila kuangalia nyuma. Kukhu alibaki ameshika waya. Askari akachukua kikapu chake kwa mikono miwili, kwa heshima, akakipitisha ndani, na hiyo ikawa mara ya kwanza chakula cha Kukhu kupita lango lile. Mama alitaka kumshika mkono waondoke, Kukhu akaukataa. Aliushika wangu.

Tulitembea polepole kuelekea barabarani. Masikio ya Kukhu yalikuwa mazima kabisa, angeweza kusikia kuku akikanyaga majani upande wa pili wa boma. Lakini tulipofika mbali kidogo na lango alinivuta mkono akasimama.

"Amesema nini?"

"Amesema utakuja na yeye atatoka."

"Ludia."

"Atatoka, Kukhu."

Tukatembea. Baada ya hatua chache akanivuta tena. "Ludia," akasema, na mimi nikarudia, na nikarudia tena, mpaka tukafika barabarani.